Kitanda Ulichofia

Uvira, Jumanne tarehe 12

Baba Neema,

Hatimaye nilienda. Pasta aliniomba mara tatu nihudumie wagonjwa hospitalini, na kila mara nilimwambia miguu inauma. Miguu haiumi. Niliogopa kile chumba.

Kwenye kitanda ulichofia amelazwa mwanaume mwenye ugonjwa uleule wako, na yeye anapona. Mke wake alikuwa anamtania: "Juzi weye ulikuwa unakufa, leo unadai samaki, tena ndagala."

Nilimwonea wivu yule mwanamke, na si wivu kidogo. Nilimuuliza Mungu kwa nini wa kwake apone na si wewe. Nilitaka kuacha pale chini sufuria ya uji niliyowaletea wagonjwa, nirudi nyumbani.

Ndipo yule mwanamke akanishika mkono. "Mama, siku sita nalala chini hapa, sijaoga muzuri. Unilishie bwana yangu kidogo, minye naenda ku ziwa." Hakungoja jibu langu.

Nikaketi. Nikamlisha mume wake kijiko kwa kijiko, nikiupuliza uji kama nilivyokupulizia wewe.

"Mama, iko moto," akalalamika.

"Vumilia. Wagonjwa wote mnasema hivyo."

Akacheka, na mimi pia. Wivu haukuisha wote, Baba Neema. Lakini kabla bakuli halijaisha nilikuwa ninamwombea aende nyumbani mzima, na nilitaka kweli iwe hivyo.

Mke wake aliporudi aliuliza kama nitakuja kesho. Nilisema ndiyo. Pasta pia nimemwambia.

Ee Mungu, unikumbuke kesho nitakapofika kwenye mlango wa kile chumba.