Ncha ya Sikio la Kushoto

Aleksandria, 9 Mei 2022

Kwako Mamduh, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shinikizo la damu limeteremka? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti, na goti langu ulishalizoea. Barua hii atakuletea Umm Hatim wa ghorofa ya pili, anakuja huko Kuwait kwa binti yake aliyejifungua. Usiniambie ningepiga simu. Kwenye simu unaniitikia "ee, ee" huku macho yako kwenye mpira. Nakujua.

Jambo lenyewe ni paka. Usigune, soma kwanza.

Kamati ya wakazi imekaa. Mhandisi Refaat wa ghorofa ya tano, ambaye ndiye mwenyekiti, kasema sikukuu ya kuchinja isiwakute paka uani. Mwaka jana paka mmoja, Sharubu, alimtoroka na pande la nyama mbele ya wakwe zake, mpaka leo hajalisahau. Nikamwambia, "Mhandisi, hawa si paka wa ovyo. Wengi wao Daktari Maysara keshawafunga kizazi na kuwachanja kichaa cha mbwa. Aliyemaliza hukatwa ncha ya sikio la kushoto, angali amelala kwa dawa, ili kila mtu amtambue kwa mbali."

Akauliza, "Na wasiokatwa?"

"Bado watano."

Akajikuna kidevu. "Basi mwenye alama abaki. Asiye nayo mpaka sikukuu, Bayumi atajua la kufanya."

Bayumi, yule bawabu wetu, akatazama viatu vyake. Hakuna asiyejua mabawabu wanaambiwa wafanye nini: sumu ndani ya nyama ya kusaga.

Wamekubali kwa sharti moja. Fleti yetu iko kwa jina lako, kwa hiyo wanataka neno lako kwamba alama ni ya kweli. Mpigie Refaat. Na useme naye kwa adabu, si kama unavyosema na mimi.

Dada yako,
Inshirah


Kuwait, 20 Mei 2022

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Sote tu wazima, joto tu limeanza kutuoka. Watoto wanakuamkia. Vile vidonge vya goti nimempa Umm Hatim, umeze, usiwagawie majirani.

Nimempigia huyo Refaat wako. Kanihutubia usafi wa mazingira mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho nimempa neno langu, tena nimemwapia kwa jina la baba, maana yeye alimheshimu sana baba. Ameridhika mno. Anasema mjukuu wake Talia anapenda paka kupita kiasi, na sasa atamruhusu kuwashika wenye alama, mradi wamechanjwa.

Lakini dada, wewe fundi cherehani wa siku zote. Paka watano wana masikio, wewe una mkasi. Daktari wa nini tena? Natania, natania! Usinirushie kandambili mpaka huku.

Mdogo wako,
Mamduh


Aleksandria, 4 Juni 2022

Kwako Mamduh,

Natumai barua hii inawakuta salama. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Vidonge nimemeza, na Umm Hatim nimempa viwili tu.

Utani wako haujanichekesha. Unafikiri ile alama ni pambo? Hagi Sabir muuza samaki huwapa vichwa vya dagaa paka wenye alama na kuwafukuza wengine. Wanawake wa uchochoroni wanawaacha watoto wao wacheze na Mishmisha kwa sababu wanaliona sikio lake. Wakati naanza, walinirushia maji ya kuoshea vyombo wakaniita kichaa. Leo mtaa mzima unalisoma sikio la paka. Mimi ndiye niliyewafundisha, mlango kwa mlango, na sitakuja kuwadanganya.

Sasa sikia balaa. Daktari Maysara kaanguka na pikipiki, mkono wa kulia umevunjika. Hawezi kushika kisu wala sindano mpaka baada ya sikukuu. Nimezunguka kliniki nyingine. Moja wana paka wa Kiajemi wamelala kwenye mito, yule binti wa mapokezi kaniangalia mimi na kapu langu akasema, "Mama, sisi hatupokei wa jalalani." Nyingine wamenipa nafasi ya mwezi wa nane.

Mamduh, mwombe Refaat aongeze muda. Mpaka mwezi wa nane tu. Mimi nikimwomba ananiona kikongwe wa paka. Wewe anakusikiliza. Usichelewe, nakusihi.

Dada yako,
Inshirah


Kuwait, 14 Juni 2022

Dada yangu,

Shikamoo. Hatujambo, pole na mahangaiko. Pole sana kwa daktari pia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kusema kweli sijampigia Refaat, na sitampigia. Nimemwapia mtu mzima kwa jina la baba, leo nimrudie nimwambie mambo bado? Nitaonekana mtoto. Atasema kumbe tangu mwanzo tulikuwa tunamchezea, na hapo hata wale waliokwisha kufungwa kizazi hawatapona.

Safari hii sitanii. Wakate. Ncha tu, kidogo. Daktari akipona utawapeleka mmojammoja kimyakimya, halafu uongo utakuwa umegeuka kweli. Nani atajua? Ama ukatae, halafu Bayumi apite na nyama yake. Chagua wewe, mimi niko mbali.

Mdogo wako,
Mamduh


Aleksandria, 5 Julai 2022

Kwako Mamduh,

Habari za huko? Sisi tunajiandaa na sikukuu, kondoo wa Refaat amefungwa kwenye ngazi, analia mchana kutwa. Mimi sijambo, mkono tu umevimba.

Nimewakata.

Nilichemsha mkasi wa kukatia hariri, nikapata dawa ya vidonda dukani. Walikuja wenyewe, Mamduh. Nimewalea tangu vitoto, nikigonga sahani wanapanda mapajani. Basbusa alikuwa anakoroma kwa raha mpaka nilipobana mkasi. Nilidhani najua ukelele wa paka. Kijivu kanitoboa kiganja, nami sikumlaumu. Kwa daktari wanalala, hawajui lolote. Kwangu walikuwa wananitazama usoni.

Refaat kashuka, kapita uani mikono mgongoni kama mkaguzi. "Safi," kasema, "familia ya Abdelmaugud neno lenu neno." Nikafunika kiganja changu kwa shela.

Basbusa haji tena nikimwita. Anakula nikishaondoka.

Sikukuu njema kwenu nyote.

Dada yako,
Inshirah


Kuwait, 25 Julai 2022

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, na sikukuu njema japo imepita! Umeona? Sikukuu imekuja imeondoka, na hakuna paka aliyeguswa. Refaat kanitumia picha, Talia yuko kwenye ngazi, Kijivu kajilaza miguuni pake. Nimewaonyesha wenzangu wa dukani, nikawaambia dada yangu ana jeshi la paka Aleksandria. Wamecheka, lakini mmoja kanipa dinari nikununulie makopo ya chakula cha paka.

Nimeomba likizo mwezi wa kumi. Begi zima litakuwa makopo. Niandikie, wanapenda ya samaki au ya kuku?

Mdogo wako,
Mamduh


Aleksandria, 3 Septemba 2022

Kwako Mamduh,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Natumai mko wazima. Mimi niko hai.

Daktari Maysara alitolewa bandeji mwanzo wa mwezi wa nane. Nilimpelekea wawili wa kwanza, akawafunga kizazi, akayatazama yale masikio, akanitazama na mimi. Kijivu nilitaka kumpeleka wa tatu, lakini tumbo lilikuwa limeshashuka, akajificha. Alizaa chini ya ngazi, nyuma ya ndoo za Bayumi.

Talia ndiye aliyewaona wa kwanza. Mtoto wa miaka sita, kaona vitoto, kaona sikio la mama yao limekatwa, kafanya alivyofundishwa. Kanyoosha mkono. Paka mzazi haulizi. Kijivu kamng'ata kidole mpaka mfupani.

Nyumba nzima ilishuka. Mama yake Talia analia, Refaat anamtuliza. "Usiogope, ana alama, amechanjwa. Osha kwa sabuni tu, yaishe." Kisha akanigeukia, hana hata wasiwasi, anataka nimhakikishie tu mkwewe. "Si ndiyo, Bibi Inshirah? Amechanjwa?"

Mamduh, ningesema ndiyo wangeniamini. Kijivu angepona, na wenzake wote. Pengine na mtoto asingepatwa na kitu. Pengine. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, hilo nimelisema kwenye kila mlango wa mtaa huu. Nikamtazama yule mtoto na kidole chake.

Nikasema, "Hapana. Hajachanjwa. Sikio nilikata mimi. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje."

Walimkimbiza. Amedungwa sindano, amerudiwa nyingine, anaendelea vizuri, alhamdulillah. Usiku ule nililala nikimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Asubuhi Bayumi alinigongea. Kasimama mlangoni, kilemba mkononi. "Bibi, leo usitoke uani. Nakuomba."

"Umeweka?"

"Wamenisimamia, Bibi. Nina watoto kijijini. Wangenifukuza."

"Wenye alama ya kweli pia?"

"Wamesema alama ni ya uongo."

Nilitoka. Usiniulize niliyoyaona, sitaki uyaone. Mishmisha alikuwa bado anapumua, nikamkalisha mapajani mpaka akaacha. Sharubu alijikokota mpaka mlangoni kwangu. Basbusa, ambaye hakuja tangu siku ile ya mkasi, safari hii alikuja. Kijivu alikutwa nyuma ya ndoo, watoto wake bado wananyonya.

Uliuliza samaki au kuku. Makopo usilete.

Dada yako,
Inshirah


Kuwait, 12 Septemba 2022

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nikujulie hali vipi baada ya barua ile. Nimeisomea garini, sikuweza kuingia dukani.

Ni mimi. Wewe ulikataa, mimi nikakusukuma, kwa sababu niliona haya kumpigia simu mtu mmoja kumwomba wiki chache. Simu moja tu, dada. Leo nimempigia. Nimemwambia wazo lilikuwa langu na kiapo kilikuwa changu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema, "Mungu amrehemu baba yako," akakata.

Nipigie, nitukane. Au niandikie unitukane. Ninakuja mwezi wa kumi kama nilivyosema, ila ukiniambia nisije, sitakuja. Nangoja neno lako.

Mdogo wako,
Mamduh


Kuwait, 19 Oktoba 2022

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Umm Hatim kasema kwenye simu kwamba u mzima na unaonekana sokoni, nikashukuru. Likizo imepita, sikuja. Nimeona nisije bila kuitwa.

Niambie lolote.

Mdogo wako,
Mamduh


Aleksandria, 20 Novemba 2022

Kwako Mamduh, ndugu yangu,

Salamu. Mimi sijambo, goti ni lilelile. Natumai watoto wanasoma. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa nakuandikia maneno ambayo dada hamwandikii mdogo wake, nikayachana. Sasa yamekwisha. Wewe ulisema, lakini mkasi niliushika mimi, na nilikuwa najua kuliko wewe.

Vitoto vya Kijivu nilivichukua ndani. Nilivinyweshea maziwa kwa bomba la sindano. Watatu walikufa, amebaki mmoja, dume, wa kijivu kama mama yake. Juzi nilimpeleka kwa Daktari Maysara kuuliza lini atakuwa tayari. Kasema, "Mwezi wa pili umlete, nitamfunga kizazi na kumchanja. Ila sikio silikati."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtaa wako hauliamini tena, Bibi. Na mtaa wa pili yake pia, habari imefika. Juzi wameua wangu wanne kule sokoni, wote wenye alama, wote nimewachanja kwa mkono wangu. Nikimkata huyu nitakuwa namuumiza bure."

Hakunisema zaidi ya hapo. Alimrudisha mtoto kapuni, akanifungulia mlango. Hagi Sabir naye huwafukuza wote siku hizi, mwenye sikio zima na mwenye sikio lililokatwa.

Basi huyu atakaa ndani maisha yake. Madirisha nimeyawekea wavu. Anashinda mlangoni, akisikia nyayo kwenye ngazi anasimama, pua kwenye ule upenyo wa chini, anangoja kufunguliwa. Anataka kutoka, na mimi sina pa kumtolea.

Njoo, Mamduh. Sijakufukuza, hapa ni kwenu. Ila ule ufunguo wako usiutumie. Gonga, ungoje kidogo nimbebe kwanza, ndipo nikufungulie.

Dada yako,
Inshirah