Spika Zimekubali

Dada yangu,

Sisi wazima. Paka kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la vyombo.

Ule mfumo wa bure uliokuwa ukiusifia nimeuweka kwenye kompyuta ya dukani. Umenitoa jasho. Kwanza ulikataa kuwaka, kisha intaneti haikushika, halafu spika zikawa bubu siku nne. Nimeandika amri mpaka vidole vikafa ganzi. Leo zimekubali: zimelia ting, safi kabisa, wifi yako akapiga makofi huko jikoni.

Nikatafuta yale maneno Mama aliyokurekodia wiki yake ya mwisho, nikutumie, maana tangu tumzike nakuambia kesho. Hayapo. Wakati wa kuuweka mfumo, mashine iliniuliza kama ifute diski yote. Nilishachoka nayo, nikabonyeza ndiyo.

Usiniulize alisema nini. Alinitoa chumbani, akasema hayo ni mambo yenu wawili, nami nilitii, sikuwahi kuyafungua. Ninachojua ni kwamba alicheka mara moja. Nilimsikia nikiwa nje ya mlango.

Mdogo wako