Denmark Wamekataa, Sasa Bosi Anataka Jina Langu Kwenye Ripoti

Dada Jedidah, shikamoo,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Cedar-Riverside, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana ukiishia katikati utaniona malaika na ukifika mwisho utaniona shetani, na mimi nadhani niko mahali fulani hapo kati, ndiyo maana nahitaji mtu wa nje anieleze.

Mimi ni Mtanzania, nilikuja Minneapolis kusoma, nikapata shahada ya udaktari wa siasa, si ule wa sindano, ule wa makaratasi, na tangu mwaka 1989 nafanya kazi katika taasisi ndogo ya utafiti inayofuatilia jinsi nchi za Ulaya zinavyoungana, ofisi yenyewe iko juu ya duka la mazulia, tuko watu saba na mashine moja ya fotokopi inayokula karatasi, na tunajiita taasisi huru, maana yake hatuko chini ya serikali wala chama, tuko chini ya Alfred. Alfred ndiye mkurugenzi. Wanaotusoma ni wakubwa wa viwanda kule Plymouth, kitongoji cha hapahapa mjini, wanaouza mashine Ulaya na wanaotaka kujua kesho watakuwa wanaziuzia nchi kumi na mbili au dubwana moja.

Sasa majira ya baridi yaliyopita nilipewa niandike ripoti kuhusu ule mkataba wa Maastricht, wa kuzifunga hizo nchi pamoja zaidi mpaka kwenye sarafu moja, ambao Wadenmark walikuwa waupigie kura tarehe mbili Juni, nikasoma hotuba za mawaziri wao mpaka macho yakauma, wote wanasema ndiyo, lakini jirani yangu wa ghorofa ya chini, Bibi Kirsten, mzaliwa wa Denmark, ana dada yake kule anayemwandikia kila wiki, naye alikuwa ananitafsiria zile barua tukinywa kahawa, na kila barua ilikuwa matusi matupu kwa mkataba, muuza samaki hautaki, mchungaji hautaki, shemeji hautaki ingawa hajausoma. Na mimi, Dada, baba yangu alikuwa karani wa Shirika la Posta la Afrika Mashariki, Jumuiya ilipovunjika mwaka sabini na saba alirudi nyumbani na mhuri wa ofisi ambayo haipo tena, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alitaka iundwe wala kama alitaka ivunjwe, kwa hiyo watu wasioulizwa nawajua nikiwaona, na najua siku wakiulizwa wanavyojibu. Nikaandika sura ya sita: Wadenmark wanaweza kukataa.

Alfred akaniita. “Imelda, sura ya sita inawatia watu hofu. Ushahidi wako ni nini?”

“Nimehesabu barua za wasomaji kwenye magazeti yao,” nikasema, “na kuna dada yake Bibi Kirsten.”

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema kwa upole kwamba mwezi wa tisa kuna mkutano Brussels, nafasi mbili, na yeye angependa kwenda na mtu anayejua kuelewana na wenzake. Nikaandika kwenye karatasi ya njano kwamba nakubali sura ya sita iondolewe kwa kuwa ushahidi wake hautoshi, nikatia saini, tuendelee.

Ripoti ikatoka Aprili, jalada zuri la bluu, karatasi inayoteleza kama sabuni, jina la Alfred peke yake katikati kwa herufi za dhahabu, na mimi niko kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya fundi wa fotokopi, na wameniandika Amelda. Alfred akaenda kula chakula cha mchana na wale wakubwa wa Plymouth, wakamuuliza Denmark vipi, akawajibu, “Hiyo imeshapita.”

Tarehe mbili Juni wakapiga kura. Wakakataa. Nakiri nilicheza jikoni na Bibi Kirsten, yeye na fimbo yake, tukaangusha sufuria.

Kesho yake Alfred akanivutia kiti nikae, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tujuane.

“Imelda, nimekuwa nikifikiri. Haikuwa haki jina lako kukosekana. Tunachapa upya. Wewe utakuwa wa kwanza, mimi wa pili.”

“Na sura ya sita?”

“Aa, hatuwezi kubadilisha ripoti baada ya kura. Huo utakuwa udanganyifu.”

Yaani jalada libadilike, makosa yabaki palepale! Na Ijumaa hii, tarehe kumi na tisa, bodi inakutana na wale wakubwa wa Plymouth, anataka nisimame niwaeleze jinsi nilivyokosea.

Mume wangu Melkiori, mtu wa kompyuta huko Eagan, anasema nitoe fotokopi za sura ya sita, niweke moja juu ya kila kiti kabla hawajaingia, kisha nikae nitabasamu. Wazo tamu, sikufichi. Lakini Alfred ndiye aliyenidhamini kwenye maombi yangu ya ukaaji wa kudumu, bado hayajajibiwa, na tuna mtoto wa miaka minne anayeijua nchi hii tu. Ninyamaze nibebe lawama, au niweke fotokopi?

Imelda
(Chapisha jina langu, tafadhali, na lianze na I.)

*

Imelda, marahaba.

Gazeti letu hutoka mwisho wa mwezi na bodi yenu inakaa Ijumaa, kwa hiyo Jumanne nilikupigia simu nikakusomea jibu hili. Wasomaji nao walisikie.

Pole, mdogo wangu. Huyo Alfred hana haya hata ya kuazima. Amekaa na sifa peke yake miezi miwili, zilipooza ndipo akakumbuka kukugawia. Nimekuwa nesi miaka ishirini, Nairobi na hapa Saint Paul, na nawajua madaktari wa namna hiyo: mgonjwa akipona ni “mgonjwa wangu”, akizidiwa ni “mgonjwa wa Jedidah”.

Nimemaliza kukuhurumia. Sasa wacha nikuchape kidogo. Jalada la bluu umenieleza mpaka linavyoteleza, lakini karatasi ya njano umeipitisha mbio ukasema “tuendelee”. Hatuendelei! Rudi hapo. Alfred hakukukaba koo. Alikutajia Brussels, na wewe msomi mzima ukamsahau baba yako, ukamsahau muuza samaki, ukashika kalamu. Ulijua ushahidi unatosha ukaandika hautoshi. Ukisimama Ijumaa ukataja kosa lake ukaruka lako, utakuwa Alfred aliyevaa gauni.

Habari za fotokopi, mwambie shemeji Melkiori akae na kompyuta zake. Wewe utatandaza makaratasi viti vyote, Alfred atatoa moja tu, lenye saini yako, na hilo tabasamu sijui utalipeleka wapi.

Fanya hivi. Kesho asubuhi muone wakili wa uhamiaji, si rafiki ya rafiki, wakili, umuulize Alfred anaweza kuyafanya nini maombi yako na hawezi nini. Saa hii unaogopa kitu ambacho hata hujakiuliza. Alhamisi ingia ofisini kwa Alfred, funga mlango, mwambie utakachosema, neno kwa neno, asije akadai umemvizia: sura ya sita niliiandika mimi, mkurugenzi akataka iondolewe, nami nikakubali na sikupaswa kukubali. Mwambie jina lako halikai juu ya ripoti hiyo kama sura hiyo haimo ndani. Akipandisha sauti, wewe shusha yako. Ijumaa sema hayohayo, kisha keti. Usilie, usimtukane, na habari za Jumuiya usizianze. Mimi Mkenya na wewe Mtanzania tukianza kuulizana nani aliivunja hatumalizi, sembuse hiyo bodi.

Brussels isahau. Hiyo umeipoteza kwa mkono wako mwenyewe.

*

Jumatatu iliyofuata Imelda aliniletea barua nyingine, fupi. Ameniruhusu niitoe.

“Dada Jedidah, wakili alisema Alfred akitaka anaweza kuondoa udhamini wake, na hapo nitatafuta mwajiri mwingine nianze upya. Bado naogopa, lakini angalau najua ninachokiogopa. Alhamisi Alfred alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, ‘Hutathubutu.’

“Ijumaa nikathubutu. Nikasimama, nikasema yaleyale, neno kwa neno. Alfred akaitoa ile karatasi ya njano akaisoma mbele ya wote, polepole, mpaka saini. Nikasema, ‘Ndiyo hiyo. Mwandiko wangu.’ Halafu mzee mmoja wa Plymouth akauliza, ‘Na huyo dada wa jirani yako anasemaje kuhusu Ufaransa? Nao watapiga kura.’ Watu wakacheka, nami nikacheka, nikamwambia sina jirani Mfaransa, nipeni mwezi mmoja.

“Bodi imeamua sura ya sita ichapishwe peke yake, kwa jina langu, na mwanzoni paelezwe kwamba iliondolewa na mkurugenzi kwa ridhaa ya mwandishi. Brussels anakwenda mtu mwingine. Maombi yangu Alfred hajayagusa, wala hajasema kama hatayagusa. Ila hanisalimii. Tunapishana kwenye ngazi kama paka wawili, na nakuambia kweli, hilo linaniuma kuliko Brussels. Nifanye nini?”

*

Imelda, umewakabili wanaume wazima na makaratasi yao, sasa unalilia habari ya asubuhi!

Kazi nyingine anza kuitafuta leo, kimyakimya, ukiwa bado unayo hii, na mwajiri mpya umuulize mapema kama atakudhamini. Ya Ufaransa andika, una mwezi mmoja na umeuomba mwenyewe. Na huyo bwana wa ngazini msalimie wewe. Kila siku, kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Si mume wako, hana haja ya kukupenda. Asipojibu, mpite uende kazini.