Machungwa ya Mgonjwa

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga msasa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kichwa cha kitanda, upande wa kushoto. Vumbi puani, vumbi kwenye chai. Kipindi cha saa tatu chuoni kimenipita tena. Wiki ya tatu hii tangu msumeno umkate baba mkono wa kulia. Vidole viwili havikunjiki. Kitanda alikuwa ameshakiunga, kimebaki msasa na vanishi. Ni cha harusi, kinachukuliwa tarehe kumi na saba. Baba hataki mtu ajue. Mteja akija, mkono unaingia mfukoni. Keko mafundi wamejaa barabara nzima, anasema, wateja wakisikia sina mkono nimekwisha. Kwa hiyo mkono wake ni mie. Chuo vipi, ananiuliza kila siku. Namwambia vipindi vimehamia jioni.

Jumatano, 7 Mei

Zuhura, kiongozi wa kikundi chetu chuoni, kaandika kwenye grupu: uko wapi, Jumanne tunawasilisha. Mada yetu ni namna majirani wanavyosaidiana. Haya. Bila alama za kazi hii siingii kwenye mtihani wa somo hili, nalirudia mwakani na wanafunzi wa mwaka wa chini. Najua vizuri tu. Nimejibu naumwa taifodi. Kwa nini taifodi, sijui. Limenijia tu. Pole zimemiminika. Nimejichukia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimechoka. Sina zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefungua notsi wakati vanishi ya miguu ya kitanda inakauka. Mstari mmoja nimeusoma mara nne. Mwaka jana nilikuwaga naamka mwenyewe, nasoma kabla ya kuchemsha chai. Sasa hata kuanza siwezi. Sina hamu ya kitu. Na mtu wa kumwambia hayupo, maana nikisema moja nimetoa siri ya baba.

Jumamosi, 10 Mei

Wamekuja.

Wanne, na mfuko wa machungwa na chupa ya juisi. Sijui nilifikiri nini. Nani Dar hii anatangaza ugonjwa asije kujuliwa hali? Wameulizia kwa baba, fundi Selemani, wakaelekezwa moja kwa moja. Wamenikuta nimejifunga kanga kichwani, mweupe kwa vumbi, msasa mkononi, naimba. Yaani naimba kabisa. Baba akatokea nyuma, mkono uko nje, kasahau mfuko. Wakamwamkia. Shikamoo mzee, tumekuja kumwona mgonjwa, chuoni hatujamwona wiki tatu. Marahaba, akasema baba. Zuhura akaweka machungwa juu ya kitanda, akaitazama mikono yangu, akasema pole na taifodi. Wakaondoka. Juisi wamerudi nayo. Sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Jumapili, 11 Mei

Baba hasemi nami. Machungwa hayajaguswa. Mchana nimemwandikia Zuhura ukweli wote: msumeno, vidole, harusi, taifodi. Kasoma.

Jumatatu, 12 Mei

Kajibu. Jina langu wamelitoa jana asubuhi, kazi ikatumwa kwa mwalimu. Ujumbe wangu ulichelewa kwa saa mbili tu. Hawezi kulirudisha. Sina wa kumlaumu. Halafu chini kaandika: ungesema, tungekuja na misasa badala ya machungwa.

Jina sikulilia. Hilo la misasa ndilo lililoniliza.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi baba kampigia simu mwenye kitanda, mbele yangu. Mkono wangu umeharibika, kamwambia, aliyekuwa anapiga msasa ni binti yangu, na kesho anarudi darasani. Basi. Mchana yule bwana kaja na kirikuu, kabeba kitanda kilivyo. Kakipeleka kwa fundi wa tatu kutoka hapa. Tumekiona kikishushwa.

Baba kakaa kwenye benchi, mkono juu ya goti, haufichi tena. Nimemmenyea chungwa, maana mwenyewe hawezi. Kala taratibu. Kaniuliza hilo somo ndiyo basi? Nimemwambia nalirudia mwakani. Rudia, akasema. Kisha akaomba jingine.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeenda chuo. Nimefika kipindi kimeshaanza, nikasimama mlangoni na vumbi la mbao bado kwenye kucha, halitoki hata kwa sabuni. Viti vimejaa. Kando ya Zuhura kulikuwa na kimoja, kawekea mkoba wake. Akautoa, akauweka chini. Hakuniangalia.

Nimekaa. Baadaye akalisukuma daftari lake upande wangu, limefunguliwa kwenye kipindi cha kwanza nilichokosa. Nimeanza kunakili.