Nyama Yenye Chumvi

Kwa dada yangu mpendwa Tayris, huko Tebtuni.

Kabla ya neno lolote nakuamkia kwa heshima, nikimwomba Mungu barua hii ikukute wewe na shemeji mkiwa wazima, na lile jino lako liwe limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Ila mtambo wangu wa kufumia umesimama, leo siku ya tisa, nawe unajua mimi si mtu wa kukaa bure. Nikisikia hatua mlangoni, naificha barua hii chini ya mkeka. Mwandiko ukiwa mbaya, usidhani nimelewa.

Bila shaka amri ya Kaisari imewafikia: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aende mbele ya kamati hekaluni, aimwagie miungu divai, aonje nyama ya kafara, kisha apewe hati. Asiye na hati atajieleza kwa askari. Huku mjini wiki ya kwanza tulicheka, tukasema makarani watachoka kabla yetu. Wiki ya pili askari wakamchukua mwenzetu Koluthi, muuza vitunguu, mchana kweupe, mizani yake ikabaki inaning'inia. Tangu hapo watu wa kanisa tunapishana njiani kama tusiojuana.

Ndipo akajitokeza Silvano. Humjui, ni msomi kutoka Aleksandria, mwenye sauti laini kama mafuta ya ufuta. Alituita nyumbani kwake adhuhuri moja, tukaenda watu kumi na wawili. Akatuambia kwamba Kristo hakuwa na mwili wa kweli. Alionekana tu, kama mwezi unavyoonekana ndani ya maji. Alionekana kula, akaonekana kuteswa, akaonekana kufa. Lakini Mungu hawezi kuguswa na msumari. Kwa hiyo, akasema, linalotendwa na mwili halihesabiwi. Mkono ukimwaga divai, roho haikumwaga kitu. Nendeni mkachukue hati zenu, mrudi mle dengu zenu kwa amani.

Dada, sitakuficha, maneno hayo yalinishuka tumboni kama bia baridi wakati wa mavuno. Nikatazama wenzangu, nikaona na wao wanapumua.

Tukiwa katika hali hiyo akaingia mzee Paapis, kinyozi wetu, yule aliyekufundisha wewe imani huku anamnyoa marehemu baba. Hakualikwa. Alikuwa na mkoba wake wa nyembe begani, na sasa meno yamebaki mawili. Akauliza kulikoni, wakamweleza. Akakaa chini polepole.

"Bwana msomi," akasema, "Maria alinyonyesha kivuli?"

Watu wakacheka. Silvano akajibu kwa upole kwamba mambo haya ni mazito kwa mtu wa wembe.

"Kweli, mimi ni mtu wa wembe," mzee akasema. "Nimenyoa maiti zaidi ya arobaini, nawajua wafu. Kama hakufa, hakufufuka. Na kama kufa kwake kulikuwa kwa kujifanya, basi na mimi nitafufuliwa kwa kujifanya. Nitafanya nini na ufufuo wa namna hiyo, baba? Niufunge kwenye kitambaa?"

Silvano akamuuliza kama yeye haogopi. Nilidhani mzee atajigamba. Akakiri mbele yetu sote kwamba anaogopa. Alisema tangu juzi hapati choo vizuri kwa hofu. Kisha akasema, "Lakini Yeye naye aliogopa pale bustanini, mpaka jasho likamtoka. Kivuli hakitoki jasho. Ndiyo maana naweza kumwomba nikiwa hivi nilivyo."

Tulitawanyika bila kuagana. Nilitembea nyuma ya mzee mpaka kona ya wasokota kamba, kisha nikageukia kwangu. Nilijua ni yeye aliyesema kweli. Nisisingizie kwamba nilidanganywa na Silvano.

Kesho yake asubuhi nikaenda hekaluni.

Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa na mtoto mgonjwa, au mke mjamzito. Sina mke wala mtoto. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kupigwa. Nilisimama kwenye foleni kati ya mfinyanzi na mwanamke mwenye mbuzi, nikirudia kimoyomoyo maneno ya Silvano: ni mwili tu, ni mwili tu. Nikamwaga divai. Wakaniwekea kipande cha nyama mkononi, nikakitia kinywani. Dada, kilikuwa na chumvi. Mate yalinijaa kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake, na ulimi wangu ukakifurahia. Hapo nikajua kwamba hakuna mwingine anayekula kwa niaba yangu. Mwili huo ndio mimi.

Bado natafuna, askari wawili wakamwingiza mzee Paapis. Walimkuta kibandani kwake, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Mkuu wa kamati akamwambia asiwapotezee muda, aonje tu aende zake. Mzee akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa ameniona. Nyama ikakataa kushuka, nikaanza kukohoa mpaka machozi yakanitoka.

Akaniambia, "Tafuna polepole, mwanangu, usije ukapaliwa."

Askari wakacheka sana. Yeye hakuwa anacheka, wala hakuwa ananisuta. Nilikuwa napaliwa, naye akaniambia nisipaliwe, basi. Wamempeleka machimbo ya mawe huko jangwani. Mtu wa umri wake hamalizi mwaka.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nikuandikie, nami nimelizunguka kama punda wa kisima. Karani aliponiuliza nina nani wa damu yangu, nilikutaja. Akauliza kama na wewe umekuwa ukiitolea miungu kafara siku zote. Nikasema ndiyo. Hati imeandikwa majina mawili, langu na lako, maana huku mmoja huruhusiwa kumjibia ndugu aliye mbali, na nakala itapelekwa kwa kamati ya kwenu. Nimekukanushia imani yako, dada, wewe ukiwa nyumbani kwako unachekecha unga, hujui lolote.

Nimekuambatishia nakala nyingine ya hati ndani ya barua hii. Ukiionyesha, hakuna atakayekugusa. Ukiichoma na kwenda kuwaambia kwamba ndugu yako alisema uongo, watakuchukua, na mimi pia watanifuata. Sikushauri lolote. Naogopa ukiionyesha, naogopa ukiichoma. Waliobaki wa kanisa hukutana bado. Mimi husimama nje ya mlango nikisikiliza wanavyosali. Nimewauliza kama mtu kama mimi hupokewa tena. Wamesema hawajui, halijawahi kuwatokea.

Nisalimie shemeji, mwambie kitani chake ki tayari, mwenye ngamia anakileta pamoja na barua hii. Nisalimie mama Thermuthi na jirani zako wote wanaoniulizia. Uniandikie, hata kama ni kunilaani.

Ni mimi ndugu yako uliyembeba mgongoni,
Thonis, mfumaji.