Kisima Changu na Wasoma Nasaba za Vidudu

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, Kivinje imenyamaza kama nyumba ya waliogombana.

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili na ndugu wanne, na ndui ilipita nikabaki. Leo nishindwe na chupa?

Shule nilikaa kidogo, naandika kwa kidole kimoja. Lakini hili simwachii mtu aniandikie.

Juzi juzi mtaa ulianza kuharisha na kutapika. Kipindupindu, wakasema. Akaja binti mtaalamu kutoka Dar, akachota maji ya visima vyetu, akachukua na choo cha wagonjwa. Mtu kasoma miaka yote ile, kazi yake kubeba choo cha watu kwenye boksi la barafu.

Akanieleza kwamba vidudu hufanana kwa umbo, ila ndani kila kimoja kina vinasaba, kama maandishi marefu, na humo mna alama za ukoo. Wao husoma zile alama, wakajua hiki ni cha ukoo unaoua, hiki ni binamu yake asiye na neno. Nilicheka. Mimi babu zangu nawataja mpaka wa saba, na hao walikuwa watu. Kidudu nacho kina babu?

Nikaamua kuwaumbua. Nikampelekea chupa ya maji, nikasema ni ya kisima changu. Kumbe nilichota kisima cha msikitini.

Leo karudi. Kaniamkia shikamoo, adabu anayo, nikaitika marahaba. Halafu hapo hapo barazani, watu wamekaa:

"Babu, ile chupa ulichota wapi?"

"Kwangu."

"Vidudu vyake ni ukoo mmoja na vya msikitini, haviui. Maji niliyochota mimi kwako yana vile vile vya tumboni mwa wagonjwa."

Jirani yangu Hamisi akadakia, "Mshamu, kidudu kimekutaja mpaka jina la baba." Wakacheka. Hamisi huyo tangu azaliwe hajachimba hata shimo la taka.

Binti akauliza tunachotaje. Nikamweleza: tunachota kwa kata ya kifuu, na maji ya kata ya kwanza hurudishwa kisimani, ndiyo heshima ya maji tangu enzi za marehemu baba. Akasema basi njia ndiyo hiyo, mkono wa mgonjwa unashika kata, kata inarudi majini.

Yaani heshima ya baba yangu imekuwa njia ya mavi. Si kila mpuuzi hujibiwa.

Ila dada yangu Zuhura amelazwa kwa ugonjwa huo huo, na maji ya wodini hayataki. Kila asubuhi mimi ndiye nampelekea dumu la kisima changu. Hata leo.

Na leo ametapika tena.

Siwaamini wale wasoma vidudu. Hata kukaa mkekani hawajui. Nimekwenda wodini, dumu nikalimwaga chooni, nikamnywesha maji yao yanayonuka dawa, kijiko kwa kijiko, naye ananitukana. Kisima nimekifunika kwa bati na mawe, kwa mikono yangu mwenyewe, wasije wakajisifu kuwa wao ndio walionifungia.

Anayebisha akamwulize muuguzi wa zamu. Au amwulize Zuhura mwenyewe. Alivyonitukana leo jioni, mtu wa kufa hana pumzi hizo.