Nimechagua Ile ya Batri

Liyeje, Ubeleji
Jumapili, kisha ya chakula

Kwako Baba Mariamu, bwana yangu,

Amahoro. Asalam aleko. Nakusalimia na mikono mbili, na kama magoti ingekubali ningekusalimia nayo vilevile, lakini baridi ya huku imeikamata. Uko namna gani? Mugongo inakuuma tena? Watoto wako wazima? Mawese inatoka vizuri? Na bunduki, munasikia bado kule juu milimani, ao imenyamaza? Huku redio inasema amani inakaribia. Lakini redio hiyohiyo inasema pia mvua haitanyesha, na mimi nalowana kila siku.

Najua si wewe unasoma. Wewe na herufi mulishagombana toka utoto. Ni Zaina anakusomea, juu ya vile yeye alifika mwaka ya sita, na hiyo mwaka ya sita tunaisikia toka siku ulimuoa. Basi Zaina, mukemwenza wangu, mudogo wangu, jambo. Soma kwa sauti, soma polepole, usiruke. Mahali nimeandika jina yako, soma vilevile kama mahali pengine. Nikifika nitamuuliza baba, na kama hajui habari ya bidoni, nitajua nani alimeza maneno.

Mimi niko muzima. Mariamu iko muzima na watoto wake, wanasema Kifaransa kama kasuku, Kiswahili wananijibu nusu. Ile samaki ya ndagala mulituma ilifika. Nilikaanga, muzungu wa chini akapanda kuuliza kama kuna kitu imekufa mu nyumba. Nikamupa sahani. Sasa kila Jumamosi anapanda yeye mwenyewe, anauliza kama kuna kitu imekufa.

Yule mama wa Minago aliyekuja kumutazama mutoto yake huku, amenifikia. Nilimupikia sombe ya majani ya muhogo, akakaa vizuri, akaanza kutoa habari zenu. Akasema chumba yangu imejaa bidoni, madumu ya mawese, toka chini mpaka dirishani, na kitanda yangu mumeisimamisha kwenye ukuta kama mulango ya zamani. Akasema pia Zaina anavaa kile kitenge changu cha ndege, na kinamukaa vizuri. Mimi nikacheka sana. Nikasema, "Acha avae, ni mudogo wangu." Lakini ile sombe niliimaliza bila kusikia chumvi yake.

Kitenge nitanunua kingine. Lakini chumba, baba? Nilikuja huku miezi mitatu tu, kumusaidia Mariamu na uzazi. Ni vita ilifunga barabara nyuma yangu. Sikuhama. Mutu hajahama, munapanga bidoni mu nafasi yake.

Sasa sikiliza, juu nina habari kubwa, na hiyo habari inagusa ile chumba.

Munakumbuka wakati tulikuwa tunalala kule mu mingazi, chini ya michikichi, juu ya kuogopa wenye bunduki kushuka usiku. Siipendi kuikumbusha, lakini inabidi. Yule jirani yetu muuza chumvi alisema mbele ya watu wote, "Mama Mariamu akilala tutakufa wote. Akoromee mbali, ao akae macho." Watu wakanitazama. Wewe baba, ulikohoa. Ulikohoa tu. Zaina yeye alikuwa analala kimya kama paka ya jikoni, na mukeka yako uliitandika upande yake. Mimi nikaegemea mungazi, najifinya paja nisilale. Usingizi ikinishinda, nasikia mukono ya Zaina kwenye uso. Nikasema moyoni, huyu ananiziba pua nife, abaki na bwana peke yake.

Hata mu nyumba, mulikuwa munasema Mama Mariamu ni muvivu, anasinzia anachambua muchele, anasinzia mutu anamusalimia. Eee, Zaina anaamuka mapema. Eee, Zaina amesha fagia. Nilikuwa nasikia.

Basi huku, Mariamu anafanya kazi ya usiku, anasafisha maofisi, lakini siku ya kupumuzika ananisikia kupita ukuta. Akaniambia, "Mama, unakoroma, kisha unanyamaza. Unanyamaza mpaka nakuja mulangoni kuangalia. Kisha unashtuka kama mutu anatolewa mu maji." Akanipeleka lopitali. Wakanilaza kule, wakanibandika kamba kichwani, kifuani, mpaka kwenye kidole, nikafanana na nyavu imevuta takataka. Asubui munganga akaniambia: koo yangu inajifunga nikilala. Pumzi inakata, inarudi, inakata, usiku muzima. Kama tasbihi, kila shanga mara moja, kisha unaanza tena. Akasema ndio maana nasinzia muchana, na nikiiacha hivyo moyo inaweza kusimama siku moja.

Umesikia, baba? Haikuwa uvivu. Zaina anaamuka mapema juu anapumua. Mutu anapumua usiku kucha, ataacha kuamuka mapema juu ya nini?

Dawa yake si kidonge. Ni masini ndogo inakaa pembeni ya kitanda, inasukuma hewa mu mupira, mupira inafika kwenye maski, maski unaivaa usoni ukilala. Ile hewa ndiyo inashikilia koo isijifunge. Kuna bwana wa masini, wanamuita musiyo, kijana mupole, alinipangia maski kwenye meza kama muuza viatu. Ya kwanza kubwa, inafunika pua na mudomo, ukivaa unafanana na mutu anataka kupulizia dawa nyanya. Ya pili inafunika pua tu. Ya tatu ndogo, nzuri, ni vitundu viwili vya kuingia mu pua, na kamba nyembamba. Mimi nikakamata ile ya tatu. Nilikuwa nawaza, siku moja Zaina ataniona nimelala. Asinione na ile ya nyanya.

Musiyo akaniuliza, "Madamu, unalala mudomo wazi ao imefungwa?"

"Imefungwa," mimi nasema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu wa kuniambia. Mimi ni mwanamuke ya heshima."

Akacheka kidogo, akanifungia ile ndogo, akanionyesha kamba za nyuma. Nikaenda nayo nyumbani na furaha. Haikusaidia kitu. Hewa inaingia puani, inatokea mudomoni, pfuuu, kama tairi ya baiskeli ya wale wabeba mawese wa Minago inapasuka na mizigo. Naamuka ulimi kavu kama ndagala ya juzi, na muchana nasinzia vilevile. Siku moja nilisinzia nimesimama na sufuria ya mafuta ya moto mukononi, na mutoto ya Mariamu chini ya miguu yangu. Mafuta ilimwangika pembeni yake. Pembeni, Mungu asifiwe. Mariamu hakunigombeza, alikaa chini tu, akalia. Hapo nikaona hii si habari ya kujipamba.

Nikarudi kwa musiyo. Akatazama, akasema, "Hewa inakutoka mahali, madamu. Nani amelala pembeni yako miaka mingi? Umuulize habari ya mudomo."

Nikasema, "Bwana yangu. Iko Rumonge, kule kwetu."

"Umupigie telefone."

Ndio maana nilikupigia pale kwa yule wa kabini ya telefone karibu na soko. Nilifikiri uko peke yako. Nikakuuliza, "Baba, mimi nikilala, mudomo yangu iko namna gani?"

Ukakohoa. Kisha ukasema, "Iko ya kawaida."

"Kawaida ni wazi ao imefungwa?"

"Sasa mimi nitajua namna gani? Mimi nilikuwa nalala."

Watoto wote wale nimekuzalia, baba. Hujui.

Na hapo nyuma yako nikasikia sauti. Nikaijua mara moja, hata ingepita mu maji ningeijua. "Mwambie yaya, mukubwa wangu, iko wazi. Akilala chali iko wazi kabisa. Ukimugeuza upande ya kushoto inapunguka. Mimi nilikuwa namugeuza, naweka mukono chini ya kidevu, inajifunga. Mwambie taya yake ni nzito."

Taya yangu ni nzito. Mu kabini ya Rumonge, mbele ya watu wa soko.

Ilinichoma, Zaina, sikufichi. Nilikaa kwenye kitanda na ile telefone mukononi, kadi imekwisha, na mimi niko napima taya na kidole. Bwana yangu hajui mudomo yangu, mukemwenza wangu anaijua mpaka uzito. Usiku yote nilikuwa nawaza hiyo. Halafu nikawaza kitu ingine. Kama ulikuwa na mukono chini ya kidevu yangu usiku kucha kule mu mingazi, basi wewe hukulala. Na kama hukulala, na mukono yako ilikuwa kwangu, basi ile mukeka ya baba upande yako ilikuwa mukeka tu. Hapo moyo ilitulia kidogo, nikacheka peke yangu mu giza.

Asubui nikarudi kwa musiyo, nikasema, "Iko wazi. Nipe ile ya nyanya." Akachagua saizi, akakaza kamba, akafungua tena, akasema isikaze sana, inatakiwa kukaa tu vizuri. Siku za kwanza nililia ndani yake, nilisikia kama mutu amenifunika uso na mukono. Kisha nikakumbuka nimesha lala hivyo zamani, na sikufa. Nikalala.

Baba Mariamu, nilisahau usingizi iko namna gani. Naamuka kichwa chepesi. Nachambua muchele mpaka mwisho. Nimesha maliza kusuka mikeka mbili. Na sikoromi. Mariamu anasema anakuja mulangoni bado, juu ya zamani, lakini sasa anasikia masini tu, fuu, fuu, kama mutoto anapuliza chai.

Inabaki masini yenyewe. Ile iko kwangu sasa ni ya kukopeshwa. Ni kubwa, nzuri, ina kasanduku ya maji ya moto, hewa inafika laini, pua haikauki. Lakini inataka kura, umeme ya ukutani, usiku muzima, na ni ya lopitali. Ukihama inchi yao, unairudisha. Musiyo akanionyesha ingine, ya kununua. Ndogo, haina maji, inakausha koo, kelele yake inazidi kidogo. Lakini hiyo inakuwa yako, na inakubali batri ya gari. Akaniambia, "Kama unakaa huku, madamu, usisumbuke, baki na kubwa." Nikamuuliza, "Na kama sikai?" Akatazama Mariamu. Mariamu akatazama chini.

Mariamu anataka nibaki. Anasema, "Mama, kule kura inakatika, vita haijaisha vizuri, na mahali pako pamekaa watu wengine." Alisema hivyo, mutoto yako. Niliwaza bidoni.

Zile herini za zahabu ulinipa siku uliyomuleta Zaina, nisinune, nimeziuza. Sikuzivaa sana, unajua. Nikinunua kitu nayo, nilisema, iwe kitu ya kunirudisha mahali nilikuwa zamani, mbele ya kupewa herini. Nimechagua ile ya batri.

Sasa fanya hivi. Tafuta batri moja ya gari, nzima, si ile munasikilizia redio inakufa katikati ya habari. Ingine ya pili ikae kwa yule anayejaza mabatri, ili moja ikichoka ingine iko tayari. Toa bidoni mu chumba yangu. Lala kitanda chini. Mulango ifungwe vizuri, panya asitafune mupira. Mariamu amesha tafuta tikiti, barabara ikibaki wazi nitafika mbele ya Ramazani. Yule mama wa Minago anarudi na barua hii mukononi, na atanitumia jibu. Nimemwambia apite nyumbani tena kisha ya siku kidogo, aombe maji ya kunywa, atazame chumba. Kama bidoni iko pale bado, sitauliza juu ya nini. Nitarudisha ile ndogo, nitabaki na kubwa, na maji yake ya moto.

Nisalimie shemeji yangu muvuvi, na bibi yake anayependa ugomvi. Nisalimie shangazi ya watoto kule Nyanza-Lac, mwambie dawa ya macho nimeipata. Nisalimie shehe aliyetufungisha ndoa. Nisalimie yule jirani muuza chumvi, umwambie sasa nalala. Watoto wote, wangu na wa Zaina, uwapake mafuta kichwani mara moja moja, nisimusikie mutu anasema wangu walipakwa kidogo.

Na zamu. Usifikiri nimesahau zamu zangu, baba, nitazidai zote. Lakini usiku ya kwanza usije kwangu. Wewe hutajua kama hewa inatoka pembeni, utalala. Usiku ya kwanza nataka Zaina. Atandike mukeka yake pale, karibu na kichwa yangu, na kitenge changu kama anataka. Atazame kamba, atazame kidevu. Nitafunga macho na nitapumua, na yeye atasikiliza mpaka asubui, na hatasikia kitu, ila masini.

Akose usingizi yeye mara hii, na muchana asinzie kwenye muchele.

Mimi bibi yako mukubwa,
Mama Mariamu